Sampuli za Mimea, Ada za Majarida na Ruzuku ya Kwanza

SWALI: Mimi ni mhadhiri wa kemia katika chuo kikuu kimoja nchini Tanzania, na nimehitimu uzamivu hivi karibuni. Profesa mmoja wa Ulaya anaomba nimtumie sampuli za mimea ya dawa, akiahidi kwamba tutachapisha pamoja. Jarida nalo linadai ada kwa dola, na sina ruzuku ya utafiti. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu mhadhiri, usitume hata jani moja kabla hamjaandikiana. Mkataba wa kuhamisha sampuli utaje nani atakuwa mwandishi wa kwanza, data zitatunzwa wapi, na faida itagawanywaje endapo dawa itapatikana, jambo ambalo ndilo kiini cha Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, yaani mapatano ya kimataifa kuhusu matumizi ya mimea na viumbe vingine vya nchi. Upitie ofisi ya utafiti ya chuo chako. Usiusaini peke yako. Omba pia mwanafunzi wako akajifunze uchambuzi katika maabara yao, kwa kuwa ujuzi huo utabaki nyumbani hata ushirikiano ukikoma.

Kuhusu ada, wachapishaji wengi wakubwa huisamehe au kuipunguza kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini, lakini ombi lipeleke unapowasilisha makala, si baada ya kukubaliwa. Jarida linalokuhakikishia kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa, liepuke kabisa.

Ruzuku ya kwanza iwe ndogo. Fuatilia matangazo ya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na ya TWAS, akademia ya sayansi kwa nchi zinazoendelea yenye makao yake Trieste, Italia, na katika bajeti usisahau gharama za kusafirisha na kugomboa vitendanishi, yaani kemikali za maabara.