Usilipe hiyo milioni 7: kwa mwenye mabanda ya Kilwa Masoko

Mkuu, kama jamaa ameshakutumia namba ya malipo, ifute kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nimeupitia uzi wako mara mbili. Una mabanda sita ya kulaza wageni Kilwa Masoko, na kuna "mtaalamu wa masoko" wa Dar anataka milioni 7 akupeleke India kwenye maonyesho ya utalii na akuchapie vipeperushi 3,000 vya Kihindi. Unauliza ulipe au usilipe. Wadau hapo juu wanakupongeza, eti unawaza mbali. Mimi sikupongezi. Mimi ni wewe, ila wa 2019.

Nina vyumba sita vya wageni Mikindani. Mtaalamu wa kwangu alikuja amevaa koti la suti, mwezi wa Desemba, Mtwara. Hilo tu lilitosha kunishtua, mtu anachuruzika jasho kama amemwagiwa ndoo halafu anasema yeye ndiye anajua hali ya soko. Akafungua kompyuta: "Wachina ni bilioni 1.4, kaka. Tukimpata mmoja tu katika kila milioni, hao ni wageni 1,400." Nikagawanya kwa vyumba sita nikaona nyumba haitoshi. Usiku nikamwamsha mama watoto nimweleze habari ya kupandisha ghorofa. Akaniuliza, "Hao Wachina wamekwambia wanakuja?" Nikamwambia alale, mambo ya biashara hayajui. Hilo neno analo mpaka leo. Hulitoa kila tukikosana, hata kama ugomvi ni wa chumvi.

Hela yenyewe ilikuwa ya korosho, misimu miwili ya shamba aliloacha marehemu mzee kule Newala. Milioni 6 za jamaa, milioni 2 za vipeperushi, tiketi na viza na malazi milioni 5 na ushee. Jumlisha mwenyewe, mimi nikijumlisha kifua kinabana.

Tukaenda Guangzhou, China, kwenye maonyesho. Meza yetu ilikuwa jirani na mlango wa choo, wala sitanii. Lakini watu walikuja, siwezi kusema uongo. Nilibeba kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliobebana kuanzia babu mpaka kitukuu, na kila aliyepita alisimama akakigusa. Nikiona hivyo nampa kipeperushi. Kwenye kipeperushi kulikuwa na kile kimraba cha kusomwa na simu. Anatoa simu, anasoma, kiduara kinazunguka, kinazunguka, ukurasa mweupe. Anatabasamu, anaondoka. Wa pili hivyo hivyo. Wa thelathini hivyo hivyo. Mimi nimesimama pale nawaambia kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba mtandao wa ukumbi ni mbovu, wavumilie.

Siku ya pili binti mmoja mwanafunzi aliyekuwa meza ya jirani akanionea huruma. Kimraba chetu kilikuwa kinampeleka mtu Instagram. Chini yake kuna namba ya WhatsApp, na barua pepe ya Gmail. Mkuu, Facebook imefungwa China tangu 2009. Instagram na Gmail tangu 2014. WhatsApp nayo ilifuata 2017. Kila mlango tuliouandika kwenye karatasi 2,000 ulikuwa na kufuli. Wenzetu wanaishi kwenye WeChat: humo wanapiga soga, wanalipa, wanatafuta hoteli. Mimi jina hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa nimesimama katikati ya nchi yao, viatu vinanibana, na milioni 13 ziko nyuma yangu.

Nikamgeukia mtaalamu. Akasema, "Hiyo ni changamoto ndogo." Siku ya tatu sikumwona kabisa. Alirudi jioni na maboksi: kava za simu na chaja, mzigo wa Kariakoo. Nauli yake nilimlipia mimi, chakula nilimlipia mimi, na kwenye kurudi aliniomba nimbebee kilo 12 kwenye begi langu kwa sababu langu lilikuwa jepesi. Nikambebea! Hapo ndipo mcheke, nimewaruhusu.

Mama mmoja mwenye kampuni ya kusafirisha wageni alikaa kuniuliza vizuri, na mkalimani juu. Vyumba vingapi? Sita. Makundi yake yanaanzia watu 20. Kutoka uwanja wa Dar mpaka kwako? Zaidi ya kilomita 550 kwa barabara, au ndege nyingine. Akahesabu kwa vidole: likizo yao ya Oktoba ni kama siku saba, safari ya kuja na kurudi inakula mbili, Serengeti na Zanzibar zinamaliza zilizobaki. Akanipa pipi. Pipi moja, ya karanga. Ndiyo faida niliyorudi nayo.

Sasa sikiliza sehemu inayouma zaidi. Juni ya mwaka ule ule, bodaboda wa hapa kwetu akaniambia kuna Mchina amepanga gesti mjini wiki ya tatu sasa, ananunua ufuta. Mjini Mtwara! Kilomita 10 kutoka kitandani kwangu! Nikamfuata, nikamwambia njoo ulale siku mbili bure, kazi yako ni kulalamika tu. Nikampa na kipeperushi. Akacheka mpaka akakaa chini. Bei niliweka dola 44, na kwao nne hutamkwa karibu sawa na kifo, kwa hiyo nilikuwa nawakaribisha wafe mara mbili kwa usiku mmoja. Punguzo la mwaka mpya wao linaangukia Januari au Februari, mvua za kusini ziko kileleni na njia ya ufukwe wa Msimbati ni tope. Na nilijisifia "jua kali mwaka mzima", wakati mke wake, anasema, hutembea na mwavuli asiungue. Halafu akalalamika kama nilivyomwomba: chumbani hakuna birika la kuchemshia maji, asubuhi anataka supu ya moto na si mkate na siagi. Boma la Mjerumani alilipita kama anapita duka la vifaa vya ujenzi, lakini kwenye kina mama wanaookota chaza maji yakitoka alikaa saa tatu, suruali imelowa mpaka magotini. Picha akazituma kwenye WeChat yake. Jumamosi iliyofuata walikuja wenzake watatu, wamelipa.

Birika moja elfu 35. Ndiyo gharama yote.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitaiimba mpaka mnifungie akaunti: mgeni mmoja kwanza. Kabla hujatoa hata mia kwa ajili ya soko la nchi fulani, mtu mmoja wa nchi hiyo alale kwako siku mbili, bure, alalamike. Usichape, usitafsiri, usipande ndege mpaka huyo mmoja ameondoka.

Na wewe unawataka Wahindi, mkuu, Wahindi! Korosho ya Mtwara na Lindi inanunuliwa na nani? Minada ikifunguka Oktoba, wanunuzi wa kutoka India na Vietnam wanajazana kwenye gesti huku wakisubiri bei, Jumapili hawana pa kwenda. Wanaoshuka kwa gari wanapita Nangurukuru, hapo kwenye njia panda yako. Dar kuna Wahindi wa Kisutu na Upanga wanaopokea ndugu kutoka Gujarat kila mwaka. Mwambie mmoja kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1981 na kwamba dau la kuvuka lipo, aje na shangazi yake.

Hiyo likizo ya shule za India aliyokutajia jamaa, Aprili na Mei, ni masika yako hiyo, asikudanganye. Na huyo shangazi akifika, huenda hali nyama wala yai. Akiwa Mjaini, yaani wa ile dini ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, hata kitunguu, kitunguu saumu na kiazi hagusi. Atauliza sufuria limepikiwa nini jana. Kwa hiyo kanunue sufuria jipya na mwiko wake leo, uvitie alama ya rangi, na umwambie mpishi akivichovya kwenye mchuzi wa pweza utamkata mshahara.