Kreatinini Nzuri Isikulaze: Kwa Wanaoanza Kliniki ya Waliopandikizwa Figo

Tangu upandikizaji wa figo uanze Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2018, kliniki ya Dodoma haina tena wale waliopandikizwa India peke yao. Kwa hiyo mhudumu mpya atakutana na hawa wagonjwa mapema, na mtego wake ni huu: kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) imetulia, takrolimasi (dawa inayozuia mwili usiikatae figo) iko kwenye kiwango, presha nzuri, unaandika tarehe ya kurudi. Figo umeiona, mwenye figo hujamwona: saratani hukuitafuta.

Dawa zinazozuia mwili usiikatae figo ndizo zinazowaachia nafasi virusi vinavyozaa saratani. Kwa jumla hatari ni mara 2 hadi 4 ya ile ya mtu wa kawaida. Vitabu vingi huanza na saratani za ngozi iliyochomwa na jua, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya Wazungu. Kwa mgonjwa mwenye ualbino vifuate vitabu hivyo neno kwa neno: kofia pana, mikono mirefu, ngozi ikaguliwe kila anapokuja, na kama anatumia azathioprini, nayo ni dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, uongeze umakini, maana inaifanya ngozi ishindwe zaidi kuhimili jua. Kwa ngozi nyeusi, tafuta palipofichika.

Vuta pazia, washa taa, mwambie avue viatu na soksi. Tazama nyayo, katikati ya vidole, miguu. Kinywani, meno bandia yatoke kwanza, kisha mulika kaakaa. Omba ruhusa, ukague sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Ukiona aibu wewe, na yeye ataona aibu. Saratani ya Kaposi haihitaji mtu awe na VVU; kirusi chake, HHV-8, kimeenea sana ukanda wetu. Usitegemee ule uzambarau wa picha za vitabuni: kwenye ngozi nyeusi huwa doa la kahawia iliyoiva au jeusi, kama alama ya kujigonga, ila haliondoki. Mguu mmoja uliovimba bila sababu nao ushuku.

Mitoki ndipo wengi hukosea. Shingo imevimba, homa za jioni, uzito umepungua: mkono unakimbilia dawa za TB. Huenda ni TB kweli. Lakini limfoma, yaani saratani ya mitoki, inayotokana na kirusi cha Epstein-Barr huja na sura hiyohiyo, hasa mwaka wa kwanza. Na rifampisini hushusha takrolimasi vibaya, kwa hiyo ukikisia unaweza kumpotezea figo huku saratani ikiendelea. Ombeni kinyama, yaani kipande cha mtoki cha kupimwa maabara. Kigaweni: kipande kimoja kwenye formalini (maji ya kuhifadhia kinyama) ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama, kingine kwenye chombo safi kisicho na formalini kwa ajili ya GeneXpert (kipimo cha haraka cha TB) na kuotesha vijidudu. Kikizamishwa chote kwenye formalini, kuotesha ndiyo basi.

Mlango wa kizazi: mwanamke aliyepandikizwa mchukulie kama anayeishi na VVU, ambaye Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25, si 30, na arudi mara nyingi zaidi. Kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, kikiwepo ndicho bora. Kama ni cha kupaka siki, acha dakika nzima ndipo usome. Wenye haraka hukosa weupe unaoonyesha penye tatizo. Lakini kinachoharibu zaidi ni ile kauli ya "nenda jengo la pili ukapime." Aliyetoka Manyoni au Kondoa na nauli ya kuhesabu hatarudi kesho. Panga kipimo siku ileile ya damu, na mtu amsindikize.

Kwenye fomu ya ultrasaundi andika wazi "figo mpya na zile za zamani." Usipoandika, mpimaji ataangalia ile ya tumboni chini tu, na figo kuukuu zilizokaa miaka kwenye mashine ya kusafisha damu ndizo zenye uvimbe wa maji unaoweza kugeuka saratani. Damu kwenye mkojo isiishie kwenye kichocho na U.T.I. Mwenye ini lililosinyaa kwa homa ya ini B, ini lipigwe ultrasaundi kila miezi 6.

Ukikuta kitu, usimwambie aache dawa. Mpigie daktari wa upandikizaji: Kaposi nyingi hurudi nyuma dawa zikipunguzwa au zikibadilishwa kwenda sirolimasi (dawa nyingine ya kuzuia mwili usiikatae figo), ila hilo hufanywa huku kreatinini ikifuatiliwa. Wewe pima doa kwa rula, andika milimita, upande na tarehe. "Kidonda kidogo mguuni" hakimsaidii atakayemwona mwezi ujao.