Sizoni ikifa Malindi, muuzie anayelala hapa hapa

Kila mwaka mwezi wa nne, mahoteli yakianza kufunga kwa ajili ya mvua na vijana wanarudishwa nyumbani, naulizwa swali hili moja: dada, nina elfu tano, nifungue nini saa hii na mgeni hakuna? Leo nimeamua niandike kwa kirefu, manake kwa mesej haitoshi.

Mimi nimeanza biashara mara mbili hapa Malindi na mara zote mbili mji ulikuwa umelala. Ya kwanza ilikufa, ya pili ndo inalipa karo mpaka leo.

Ile ya kwanza ilikuwa 2014. Nilikuwa nasafisha vyumba kwenye hoteli moja upande wa baharini, na mambo yalianza kuharibika tangu magaidi waliposhambulia duka la Westgate kule Nairobi Septemba 2013, alafu Mei 2014 Uingereza ikawaonya watu wake wasiende Mombasa, wageni wakarudishwa kwao na ndege kabla likizo haijaisha, na mwezi uliofuata yakatokea mauaji ya Mpeketoni kule Lamu, ambayo kwetu sisi ni jirani tu. Vitanda vikabaki vimetandikwa wiki nzima hakuna wa kuvilalia. Tukaachishwa kazi, nikatoka na elfu arobaini. Nikachukua kibanda cha makuti barabara ya ufuoni, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi mitatu mbele nikampa, nikapaka rangi, nikaweka vikoi, mikeka na juisi ya ukwaju na ya embe, bei nazipiga kichwani kwa yuro. Nilijiambia wakirudi wanikute niko tayari.

Miezi minne sikuwaona. Waliopita pale ni walinzi, watunza bustani na vijana wa bichi ambao na wao walikuwa na njaa. Kulikuwa na askari mmoja wa usiku wa jumba la jirani, alitoka zamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na koti lake begani, akaniuliza, mama, una chai? Nikamwambia hapana baba, hapa ni juisi na vikoi. Kesho yake akauliza tena. Siku ya tatu akauliza. Siku ya nne akapita hakuuliza, akaenda kuitafuta mbele.

Huyo askari nimemfikiria miaka mingi. Nilikuwa na mteja mwenye pesa mkononi, mlangoni kwangu, kila siku ya Mungu, na mimi namngoja mtu ambaye yuko Milano.

Kwa hivyo ushauri wangu mkubwa ndo huo na mengine yote yanatoka hapo: usichague biashara kwanza, chagua mtu. Na awe mtu anayelala hapa mwaka mzima, mvua ije jua lije, mtu ambaye hata mahoteli yote yakifungwa bado kesho asubuhi ataamka mitaani kwetu, Maweni au Kisumu Ndogo, na atataka kuweka kitu tumboni.

2020 ilipokuja nilikuwa nimesharudi hotelini, kazi ile ile. Machi 9 Italia ikatangaza kufunga nchi yote, na Malindi bila Wataliano, ambao ndo wageni wetu wengi, mnajua ilivyo, kabla mwezi haujaisha ndege za abiria kutoka nje zikasimama na kafyu ikaingia, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, Aprili wakafunga kuingia na kutoka kaunti yetu ya Kilifi. Safari hii nilikuwa na elfu tatu na mia tano tu. Lakini kabla sijanunua hata kijiko nikaenda nikakaa asubuhi tatu karibu na steji, kuanzia saa kumi na mbili, na daftari la mtoto. Nikahesabu nani anapita na anabeba nini. Tuktuk na boda, mafundi wa ujenzi, wachuuzi wa samaki, mama wanaokwenda sokoni. Kitu kilichonishangaza ni wenzangu wa mahoteli, wale waliosimamishwa. Watu hawa miaka yote walikunywa chai na kula mchana kwenye kantini ya hoteli, nyumbani hawakuzoea kununua unga wa asubuhi, na sasa wote wako mtaani saa moja asubuhi wanatafuta kitu cha shilingi thelathini. Hiyo ni njaa mpya kabisa mtaani na hakuna aliyekuwa ameipangia.

Nikaanza mahamri na mbaazi za nazi. Si wazo geni, kila mtaa wa pwani una mtu wa mahamri, na mtu asikudanganye ati lazima uje na kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Wakati wa shida watu hawajaribu vitu, wananunua wanachokijua.

Sasa hesabu, na hapa naomba msome polepole kwa sababu ndo pahali wengi wanaangukia. Pakiti ya unga kilo mbili wakati ule nilinunua 130, nazi mbili 60, sukari 50, hamira 20, iliki 20, mafuta ya kukaangia yanayoliwa na pakiti moja kama 80, makaa 50. Jumla 410. Zilitoka mahamri 55, moja shilingi kumi, 550. Faida 140. Mwanzoni nilikuwa sihesabu makaa wala mahamri wanayokula watoto wangu, nikawa najiona napata faida karibu mia mbili na jioni pesa siioni, nikadhani naibiwa. Hakuna aliyeniiba! Makaa yananunuliwa, na mtoto akila mahamri sita umekula sitini. Andika yote. Mimi niliandika nyuma ya lile lile daftari, mstari mmoja kila siku, kilichotoka na kilichoingia, na mpaka leo naandika.

Mbaazi niliuza sahani ya thelathini lakini pia kikombe cha kumi, manake mtu wa boda ambaye hajapata abiria hana thelathini, ana kumi, na kesho akipata thelathini atarudi kwako si kwa mwingine.

Ramadhani ikaingia mwisho wa Aprili, sina hata wiki tatu kwenye biashara, na asubuhi mteja hakuna. Nikageuka. Nikaacha kupika alfajiri nikaanza saa nane mchana, sambusa, kaimati, viazi vya nazi, na nilijua magharibi inaingia saa kumi na mbili na robo hivi na kafyu ni saa moja, kwa hivyo mtu anataka futari iwe nyumbani kwake mapema, hana muda wa kuzunguka. Saa kumi na moja sufuria zilikuwa tupu. Ule mwezi ndo uliniwezesha kununua sufuria kubwa la pili.

Kuhusu mkopo, usianze na pesa ya kwenye simu. Hizo zinataka kurudishwa ndani ya wiki chache na biashara changa haijui hata kutambaa. Mimi nilikopa kwenye chama chetu cha kuchangishana tu, elfu mbili, na nilijua nikichelewa nitaonana nao uso kwa uso.

Na kukopesha wateja utakopesha tu, usidanganyike na kile kibandiko cha leo hakuna mkopo, mtaa wetu hauendi hivyo. Lakini nilijiwekea kikomo, mtu mmoja mia, akifika mia namwambia kwa upole, kaka, tulipe kwanza hii tuanze ukurasa mpya. Nimepoteza watu wawili kwa sababu hiyo. Wengine wote bado wananunua.

Kodi, usilipe miezi mitatu kama nilivyofanya. Mji ukilala vibanda viko wazi na wenyewe wanajua, ongea na mwenye nyumba ulipe kwa wiki, wengi watakubali kuliko kukaa bure. Leseni ya kaunti na cheti cha afya cha wapika chakula usiviahirishe, kile cheti kinapimwa kila miezi sita, na ukinyang'anywa sufuria siku moja umepoteza zaidi ya hiyo ada.

Wageni wakirudi je? Watarudi. Kwangu wa kwanza walikuwa watu wa Nairobi, Desemba hiyo hiyo ya 2020, wamekodi kotej na hawataki kupika asubuhi. Mwenzangu mmoja aliyekuwa hotelini sasa anatunza kotej, akanipigia, mahamri thelathini na mbaazi zipelekwe saa mbili. Nilifunga vizuri kama nilivyofundishwa kazini, kitambaa safi, mbaazi kwenye chombo chenye kifuniko, na bei ikawa ile ile, nikaongeza ya boda tu. Julai mpaka Septemba na tena Desemba oda hizo ni nyingi, na hiyo pesa siigusi kwa matumizi ya nyumba. Naiweka kwa ajili ya Mei.

Leo ni Mei. Mvua imepiga tangu usiku na kusi ina baridi, unga haukutaka kuumuka mpaka nilipousogeza karibu na jiko. Mahoteli matatu ninayoyajua yamefunga geti. Saa kumi na mbili na nusu alikuja mlinzi wa moja wapo, kijana, koti limelowa, nikammiminia chai kabla hajaniuliza.