Re: Nimepata paiplea iliyotumika, ninunue?

Sasa bro, nimekusoma, uko na kandarasi ya paipu za maji huko Ahero na jamaa wa Nakuru anakuuzia paiplea, ule mtambo wenye mkono ubavuni wa kushusha paipu mtaroni, anasema imefanya kazi saa 4,000 tu. Kwanza unaihitaji kweli? Hiyo ni ya paipu nzito za chuma, zile za mafuta na gesi zinashushwa na mitambo kadhaa ikifuatana. Zako za plastiki ekskaveta inachimba na inazishusha, na ukimaliza kuna mtu ataikodi. Paiplea itakulalia kwa yadi.

Kama umeamua tu, usiamini mita ya saa, hiyo hubadilishwa. Angalia pedali, zikiwa zimelika sana ujue imefanya saa nyingi. Mimi nilichukua tingatinga la "saa 3,000" na pedali zimelika mpaka chuma kinang'aa, nikajifanya sijaona, miezi miwili baadaye nanunua cheni na rola za kutembelea, na huko chini ndiko pesa huishia. Fika asubuhi bila kupiga simu, gusa injini, ukiipata moto ujue wameiwasha mapema kuficha kitu.

Winchi, ile inayonyanyua na kushusha mzigo kwa waya, usicheze nayo, ninginiza mzigo uone kama unateremka wenyewe, na mtu asisimame chini. Hapo lipa mkaguzi wa mashine za kunyanyua aliyeidhinishwa, fundi wa mtaa hatoshi.

Halafu linganisha namba ya chasisi na logbuku, ile hati ya umiliki, fanya sachi NTSA, wale wa serikali wanaosajili magari na mitambo. Ukiona jina la benki kwa logbuku, yaani iko na mkopo, usitoe hata dipoziti.