Kabla hujatoa karatasi ya siri nje ya biro

Ninatunza kompyuta na mitandao ya biro mbalimbali hapa Lubumbashi, ndiyo maana vijana hunijia wakiuliza kwa sauti ya chini: "Yaya, niko na karatasi inayoonyesha wizi. Niitoe namna gani bila kujulikana?" Wengi wanakuwa wamekwisha kufikiria redio gani itaipokea. Mimi huwauliza kwanza: ndani ya biro yenu, ni watu wangapi wanaoweza kuifungua karatasi hiyo?

Faili likivuja, fundi kama mimi ndiye anayeambiwa atazame kumbukumbu za seva. Zinaonyesha jina la aliyeingia, saa, faili alilofungua, kurasa alizochapisha, na mara nyingi hata flashi aliyochomeka. Mkubwa akipata orodha ya watu wachache, kazi iliyobaki ni ndogo.

Hayo ndiyo yaliyompata Reality Winner, aliyefanya kazi kwa kampuni inayohudumia NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 2017 alichapisha ripoti ya siri juu ya wadukuzi wa Urusi na uchaguzi wa Marekani, akaituma kwa posta kwa waandishi wa habari. Wao wakaionyesha serikali nakala ili kuhakikisha ni ya kweli. Mikunjo ya karatasi ikaonyesha kwamba imechapishwa na kubebwa kwa mkono. Uchunguzi ukakuta watu 6 tu walioichapisha, na mmoja wao aliwahi kuwaandikia waandishi hao barua pepe kwa kompyuta ya kazini. Alikuwa amekwisha kukamatwa habari ilipotoka. Mwaka 2018 alihukumiwa miaka 5 na miezi 3.

Kwa hiyo usiguse mashine ya kazi, wala intaneti ya kazi, hata kwa kutafuta tu jina la mwandishi. Printa nyingi za leza za rangi huacha nukta ndogo za njano zinazotaja namba ya mashine na tarehe. Faili la Word hubeba jina la aliyelihariri mara ya mwisho. Picha ya simu hubeba saa, aina ya simu, na pengine mahali ulipokuwa umesimama. Na tafadhali, usiende kupiga fotokopi kwenye kibanda kilicho mbele ya biro yenu, ambako kila mtu anakujua.

Hapa kwetu hatari ni kubwa kupita kifungo. Gradi Koko na Navy Malela walikuwa wafanyakazi wa benki moja ya Kinshasa. Walitoa nyaraka zilizohusu fedha za Dan Gertler, mfanyabiashara wa madini yetu haya ya Katanga, aliyewekewa vikwazo na Marekani Desemba 2017. Mwaka 2020 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu kifo wakiwa hawapo; walikuwa wamekimbilia Ulaya. Mimi nawaheshimu sana watu hao. Kinachonitia moyo ni kwamba hawakuwa peke yao: shirika la PPLAAF, lililoanzishwa 2017 kuwatetea wafichuaji wa Afrika, lilisimama nao. Tafuta mwanasheria kabla ya kutafuta mwandishi.

Siri za jeshi nazitenga. Askari wanaoibiwa mishahara wana haki ya kusemewa, na karatasi inayoonyesha wizi huo ningependa itoke. Lakini mahali kikosi kilipo, njia ya malori, picha ya silaha: hivyo huua watoto wa watu, hasa sasa mashariki ya Kongo kunapowaka moto. Jack Teixeira alikuwa fundi wa mitandao jeshini Marekani, kazi jirani na yangu, akatupa nyaraka za vita ya Ukraine katika kundi la marafiki wa mtandaoni. Hakuna wizi aliofichua. Novemba 2024 alipewa miaka 15. Sisi mafundi tunaona mengi kwa sababu tu tunashika funguo, na video za msafara wa askari zinazozungushwa kwenye WhatsApp hapa mjini hunikera kwa sababu nazo zaweza kuua.

Nanyi wa redio na magazeti, mkiletewa nyaraka, msimwonyeshe mtuhumiwa nakala yenyewe. Andikeni upya maneno ya karatasi hiyo, mumuulize mtuhumiwa juu ya tarehe na kiasi cha fedha, na ile karatasi ikae mahali ambapo hata mwenzenu wa meza ya pili haifikii.