Figo iliyooshwa seli ikabaki kiunzi: majibu kwa maswali yenu

Nimesikia figo ya mnyama huoshwa kwa sabuni hadi inakuwa nyeupe. Kuna faida gani?

Seli za mtoaji ndizo hasa zinazochokoza kinga ya mpokeaji. Zikiondolewa hubaki kiunzi cha kolajeni na protini nyingine, umbo la figo likiwa lile lile, tayari kutiwa seli mpya na kupandikizwa. Maabara ya mtafiti Harald Ott huko Boston, Marekani, ilichapisha njia yake mwaka 2013. Mrija mwembamba hutiwa kwenye ateri, mshipa unaoleta damu, ya figo ya panya, ikapitishwa sabuni kali ya SDS, asilimia 1, kwa saa 12. Baadaye hufuata sabuni nyingine, Triton X-100, dakika 30, kisha kusuuza kwa maji ya chumvi saa 96. Wekundu hufifia taratibu, mwishowe unaona mishipa ikijigawa matawi ndani ya nyama inayopenyeza mwanga. Kusuuza kusifupishwe: SDS iliyobaki huua seli mpya.

Seli mpya huingizwa wapi?

Zile za kuta za mishipa ya damu hupitia ateri. Za figo yenyewe hupitia ureta, mrija unaotoa mkojo kwenye figo, na hapo ndipo penye kazi. Walichofanya ni kuiweka figo kwenye chombo kilichofyonzwa hewa ili seli zivutwe hadi ndani. Mfyonzo ukizidi, tishu inachanika.

Ilipopandikizwa ilitoa mkojo?

Kwa panya, ndiyo, lakini kreatinini (taka ya damu ambayo figo huiondoa) iliyosafishwa ilikuwa kidogo mno ikilinganishwa na figo nzima. Kikwazo kikubwa, kwa maoni yetu, ni damu kuganda. Mshipa usiofunikwa na seli huacha kolajeni wazi, chembe sahani, zile za damu zinazoigandisha, huing'ang'ania papo hapo, na tone la kwanza lililoganda huziba njia ya yanayofuata. Viunzi vya figo za nguruwe vilivyopandikizwa bila seli vilijaa damu iliyoganda ndani ya wiki 2. Ukuta wa kapilari, mishipa ya damu iliyo midogo kabisa, usiovuja wala kugandisha ndio tunaousubiri kuliko kitu kingine.

Na zile jeli za kudunga?

Haidrojeli, yaani jeli yenye maji mengi, ya kolajeni, alijineti au asidi ya hayaluroni hudungwa chini ya utando wa nje wa figo, ikiwa na seli au dawa inayoachiwa polepole. Inalenga kuokoa nefroni, vichujio vidogo vya figo, zilizojeruhiwa na kupunguza kovu. Nefroni mpya haiumbi: binadamu huacha kuziunda kabla ya kuzaliwa au mara tu baada ya hapo. Kwa hiyo figo iliyokwisha kuwa kovu isitegemee jeli.

Baba yuko kwenye dialisisi, na kuna mtu anamuuzia "tiba ya kuotesha figo". Tulipe?

Msilipe, tafadhali. Hakuna kiunzi wala jeli iliyoidhinishwa kurudisha figo iliyoshindwa. Asikose hata awamu moja ya dialisisi, na mkono wenye fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya dialisisi) usipimwe presha wala kutolewa damu. Muulizeni daktari wake kuhusu kupandikizwa; kwa Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2017. Ndugu aliye tayari kutoa figo aende naye, aanze kwa kupimwa kundi la damu, presha na sukari.