Ukitia sahihi kwa simu, tunza faili

Nina karakana ya useremala Kariobangi. Mwaka jana mteja mmoja wa Upper Hill aliagiza viti 120, na mkataba ukaja kwa barua pepe, kurasa 3. Nilitia sahihi kwenye karatasi nyeupe, nikaipiga picha kwa simu, nikaibandika ukurasa wa mwisho na kuurudisha. Malipo tulikubaliana ni ndani ya siku 30.

Siku 30 zilipopita nikadai changu. Wakanitumia "mkataba niliotia sahihi", na ukurasa wa 2 ukawa unasema siku 90. Sahihi ilikuwa yangu kabisa, hata kile kidoa cha wino kwenye mkia wa herufi ya mwisho kilikuwepo. Maneno ya ukurasa wa 2 ndiyo sikuwahi kuyasoma.

Majirani wa karakana waliniambia nisahau, eti sahihi ya simu haitambuliki kortini. Wakawa wamekosea, na kosa hilo linawaponza mafundi wengi. Kenya inatambua sahihi za kielektroniki tangu 2009, sheria ya habari na mawasiliano iliporekebishwa. Mwaka 2020 sheria za biashara nazo zikafanyiwa marekebisho, na sheria ya mikataba ikazitaja waziwazi.

Kazi iko kwenye ushahidi. Sahihi ambayo sheria inaipa uzito mkubwa lazima ihusishwe na wewe peke yako, imtambulishe aliyeitia, itiwe kwa njia iliyo mikononi mwako tu, na ishikamane na waraka kiasi kwamba ukibadilishwa baadaye, hata neno moja, itajulikana. Sasa ipime picha yangu ya kubandika. Yeyote aliye na lile faili angeweza kuikata na kuiweka popote, na ukurasa wa 2 ungebadilishwa bila picha hiyo kuguswa.

Kilichoniokoa ni barua pepe yangu. Faili nililotuma lilikuwa bado kwenye zilizotumwa, na tarehe na saa yake. Wakili aliweka nakala hizo mbili kando kwa kando, akawaandikia barua moja tu. Nililipwa siku ya 47.

Kwa hiyo usichapishe mkataba kisha ukafuta faili. Mambo yakifika kortini, karatasi iliyotoka kwenye kompyuta huhitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani. Ukibadilisha simu, hamisha mikataba kwanza, picha za harusi baadaye.

Wasia na hundi usizipeleke kwenye mtandao. Sheria hiyo ya mawasiliano imeziacha nje. Ploti nayo ina masharti yake: mkataba wa kuiuza unataka shahidi aliyekuwepo mkitia sahihi, basi muone wakili kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.

Siku hizi natumia programu inayofunga waraka mara ninapomaliza kutia sahihi. Namtumia mteja nakala papo hapo, namwomba ajibu kwamba ameipata na kurasa ni ngapi. Nywila ninayo mimi tu. Zamani karani wangu alikuwa akinitilia sahihi nikiwa mbaoni na mikono imejaa gundi. Sasa namwambia mteja asubiri ninawe.